Fahali wa Kwenye Chupa

Ijulikane mapema kwamba mimi nilikuwa mchoraji mzuri. Nalisema hili kabla ya yote kwa sababu mambo ninayotaka kusimulia yanaweza kumfanya mtu adhani vinginevyo. Miaka ile ya tisini, ukiingia mji wa Kakamega kutoka upande wowote, ungekutana na mkono wangu kabla hujakutana na mtu wa kukusalimu: kinyozi, duka la nguo, duka la dawa, kinu cha kusaga mahindi, na buchari tatu zilizofuatana kwenye barabara moja. Kwenye kila buchari nilichora ng'ombe anayetabasamu. Wenye buchari ndio waliotaka hivyo. Ng'ombe aliyenuna, walisema, hufukuza wateja.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali pale mjini. Alianza kazi hiyo kabla sijaingia shule, akaifanya nikisoma, akaifanya nikifeli hesabu, na aliendelea kuifanya nilipoachana na vitabu na kushika brashi. Barua zake zilisifika. Akikosea herufi alichukua ile dawa nyeupe ya kufutia, akapaka tone dogo, akapuliza mpaka ikakauka, akapiga herufi sahihi juu yake. Ungehitaji kuinua karatasi kwenye jua ndipo uone pamefutwa.

Kisha ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi. Mkubwa wake alimpa orodha ya majina ili awaandikie wenyewe barua za kuwashukuru na kuwaaga. Mama mdogo alizipiga moja baada ya nyingine bila kuuliza, hadi alipofika jina la saba, ambalo lilikuwa lake. Alilipiga nalo. Mkono uliteleza mara moja tu, katikati ya jina lake mwenyewe. Akapaka dawa, akapuliza, akasahihisha. Halafu akabeba barua zote akampelekea mkubwa azitie sahihi, na mkubwa akazitia bila kuinua uso.

"Hiyo yako si ungeiacha tu na kosa lake," nilimwambia.

"Barua yangu itoke chafu?" akaniuliza. Aliniangalia hivi kwamba niliona aibu, na hata leo sijui kwa nini niliona aibu mimi.

Kaka zake wa Likuyani walimtumia salamu za pole, na ndani ya salamu hizo wakamjulisha kwamba kule shambani kuna jembe lisilo na mtu. Mama mdogo alijibu kwamba jembe lisubiri kidogo. Alikuwa na kinywaji chake cha tangawizi na nanasi, ambacho kwa miaka mingi alikipika sherehe zikiwapo ofisini, kikali, cha kukufanya ukohoe na kuomba kingine. Sasa alitaka kukitia kwenye chupa na kukiuza. Shabaha yake aliitaja siku ya kwanza, na sikumsikia akiibadilisha hata mara moja.

"Nataka kifike kwenye meza ya yule mkubwa wangu," alisema. "Miaka hiyo yote nimeweka kazi yangu juu ya ile meza. Nataka niiweke tena, na safari hii alipe."

Ikishindikana angefunga mizigo aende Likuyani kupalilia mahindi ya kaka zake. Njia zilikuwa hizo mbili tu. Mimi nilihitajika kwa sababu chupa isiyo na nembo, alisema, watu watadhani ni dawa ya minyoo.

Tulianza na jina. Alikuja na majina kumi na mawili aliyoyapiga taipu kwa mpangilio wa alfabeti, na nakala yangu pembeni. Tulisoma la kwanza, likawa la binamu asiyelipa karo. La pili lilikuwa la kanisa. La tatu lilikuwa la fundi baiskeli wa Lurambi ambaye hatukutaka afikiri tunampenda. Kufikia la kumi tulikuwa tumechoka, na mama mdogo akakata shauri kwamba juu ya chupa litaandikwa neno TANGAWIZI tu, basi. Picha ndiyo itakayokuwa jina.

Rangi zikatushinda zaidi. Siku hizo siasa ya vyama vingi ilikuwa mbichi, na kila rangi ilikuwa na wenyewe. Nilipopaka kijani mama mdogo alisema tutapigwa mawe Lurambi. Nilipopaka nyekundu alisema tutapigwa mawe sokoni. Samawati ilikuwa ya akina mama wa dhehebu fulani, nao hawakunywa kitu kinachotoka povu. Mwisho tulibaki na kahawia na manjano, rangi ambazo hakuna aliyekuwa amezigombea, na nyeupe ya karatasi yenyewe, ambayo mwenye mashine ya kuchapisha alituambia kwamba ni ya bure.

Kuhusu picha nilishauri nanasi. Nilikuwa hodari wa mananasi.

"Nanasi kila mtu anachora," mama mdogo alisema. "Nionyeshe mtu aliyeacha shughuli zake Jumamosi asubuhi akaenda kuangalia nanasi."

Hapo nilimwelewa. Huku kwetu, Jumamosi asubuhi watu huenda kuangalia mafahali wakipigana. Alitaka fahali. Nikafurahi, kwa maana ng'ombe niliwajua kuliko hata mananasi, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimemchorea mmoja. Mama mdogo aliishika ile karatasi, akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu ameshakubali kuchinjwa," alisema. "Nataka ambaye hajakubali."

Niliudhika. Nilimwambia kwamba ng'ombe huyo ameuza nyama mji mzima. Lakini njiani nilizipita buchari zangu tatu, nikawatazama wale ng'ombe wakinitabasamia, na ukweli wa yule mama ukaniingia. Kesho yake nilipanda baiskeli nikaenda Shinyalu kutafuta fahali wa kweli.

Fahali wa kupigana hafugwi na wenzake. Anakaa zizi lake, analishwa kwa mkono, na majuma ya mwisho kabla ya pambano hufichwa. Mgeni hamwoni. Jirani mwenye kijicho hamwoni. Hata mashemeji wakija kusalimu hupitishwa upande wa pili wa nyumba, kwa sababu jicho la mtu likimwangukia fahali vibaya, nguvu zake zinaondoka na hakuna wa kuzirudisha. Mambo haya nililelewa nayo na niliyajua vizuri. Nasema wazi kwamba niliyajua, ili nisije nikajitetea baadaye.

Mzee mmoja wa kule chini alikuwa na fahali aliyevuma. Nilijua nikiomba kumchora nitafukuzwa kwa fimbo, kwa hiyo sikuomba. Asubuhi tatu mfululizo nilijipenyeza kwenye ua wa nyuma ya zizi na daftari langu, nikasubiri wakati anapotolewa kunywa maji, nikachora. Miiba ilinichoma mahali ambapo sitapataja. Lakini yule fahali! Kwenye paji la uso alikuwa na baka jeupe lenye umbo la sufuria na mkono wake. Sikio moja lilikuwa limechanika. Pembe ya kulia ilienda juu, ya kushoto ikajikunja mbele kana kwamba inamwonyesha mtu kidole. Sikuacha kitu. Nilimchora vile alivyo, kwa sababu nilikuwa mchoraji mzuri na nilitaka mama mdogo akome.

Alikoma. Alipouona mchoro alikaa, akasema, "Huyu ndiye." Nilitamani aseme tena.

Akazichapisha lebo. Mwenye mashine alimshauri achape nyingi kwa mpigo mmoja kwa kuwa ndiyo nafuu, na mama mdogo, ambaye miaka yote alifanya kazi na watu wanaoagiza karatasi kwa wingi, alikubali. Kile alichopewa kazini wakati wa kuagwa kikaishia hapo. Tulizileta nyumbani kwa mkokoteni. Ungedhani tunahama.

Chupa tulizinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Mumias aliyeuza chupa kuukuu zilizooshwa. Alitupokea kwa "Assalamu alaikum," akaagiza tuletewe viti, akaitazama lebo. "Mashallah, ng'ombe amependeza. Ni wa nani?"

"Si wa mtu," nilijibu haraka.

"Basi ni wa kuibwa huyo," akasema, akacheka, tukacheka naye. Mimi nilicheka kidogo.

Juma la kwanza tuliuza hadi tukaishiwa na mananasi. Nilizungusha kreti kwa baiskeli kwenye maduka ya Shinyalu, na sikuhitaji kueleza lolote. Vijana waliokuwa wamekaa nje ya duka la kwanza waliishika chupa wakapiga mayowe.

"Mse, hii si ile dume ya mzee wa kule chini? Cheki sikio! Cheki sufuria!"

Walikunywa, wakakohoa, wakaita wengine. Mimi nilisimama pale nikipokea sifa kwa niaba ya brashi yangu, na haikunipitia akilini kwamba mambo yanaharibika mbele ya macho yangu. Wazo hilo lilinipitia nilipovuka mto na kufika maduka ya upande wa pili, ambako walikuwa na fahali wao, na pambano lilikuwa Jumamosi ileile. Mwenye duka hakuigusa chupa.

"Yaani mimi niwekange dume ya hawa watu kwa duka yangu?" aliniuliza. "Wewe unataka nichomewe nyumba?"

Nilikuwa nimechora fahali mmoja, na katika nchi hii fahali mmoja ana nusu ya watu. Ningechora nanasi hakuna ambaye angeuliza ni la nani.

Jumamosi tulienda na mama mdogo, na kreti mbili za kuuza. Ukungu ulikuwa haujaondoka uwanjani. Ngoma za isikuti zililia, filimbi zikalia, watu wakacheza na matawi mikononi, na fahali wetu, maana kufikia hapo nilikuwa nikimwita wetu, aliingia akitikisa ile sufuria ya usoni. Akavaana na fahali wa ng'ambo ya mto. Kwa muda mrefu hakuna aliyerudi nyuma hata hatua. Halafu nilisikia kitu kikilia, tak, mlio mdogo ambao kelele ziliumeza, na fahali wetu akageuka. Alitimua mbio katikati ya shamba la maharagwe, akapita kando ya kanisa, akapotea, na yule mzee mwenye mali akimfuata nyuma na kamba.

Upande wa pili walimsindikiza mshindi wao kwa nyimbo barabara nzima. Kijana mmoja alikuja mbele yetu, akachukua chupa, akalipa vizuri kabisa, akainua picha ya fahali juu watu wote waione, kisha akakimwaga kinywaji chote chini. Watu wakashangilia. Mama mdogo alitazama tangawizi yake ikizama ardhini. Nilimwonea huruma hata nikashindwa kumtazama.

Juma lililofuata kreti zilianza kurudi. Upande ule hawakuitaka kwa sababu ni ya adui, na upande huu hawakuitaka kwa sababu ya aibu. Watu wa mjini, ambao hawakuwa na ng'ombe wala upande, waliogopa kuchekwa. Mtoto angeingia dukani na kusema "nipe ile ya kukimbia," na duka zima likaanguka kwa vicheko. Lebo zilijaa nyumbani hadi chini ya kitanda, zote na fahali yuleyule, na hela za kuchapisha nyingine hatukuwa nazo. Siku ya Jumanne nilimkuta mama mdogo amelishusha sanduku lake kutoka juu ya kabati. Alikuwa akilipangusa vumbi. Sikumuuliza linakwenda wapi.

Jumatano akaja yule mzee mwenyewe. Alikuja kwa miguu kutoka Shinyalu, na fimbo, na chupa yetu tupu imechomoza kwenye mfuko wa koti. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na nilitamani kuwa mtu mwingine.

"Mulembe," alisema.

"Mulembe muno, mzee," mama mdogo akajibu. "Karibu ndani. Huwezi kusema na njaa."

Akamkamatia kuku. Mzee alikaa na ghadhabu zake saa nzima akisubiri, kwa maana mtu hawezi kugombana na nyumba ambayo ingokho yake, kuku wa mgeni, iko jikoni. Obusuma, yaani ugali, ilipokuja, mama mdogo alimwekea firigisi juu ya kila kitu, mahali pa kuonekana. Mzee aliiangalia, akamwangalia, akaelewa kwamba anabembelezwa, akaila. Alipomaliza kunawa aliiweka ile chupa mezani.

"Nani alichoranga hii ng'ombe yangu?"

"Mimi, mzee," nilisema.

"Ulisimama wapi?"

"Kwenye ua. Nyuma ya zizi."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Alihesabu kitu kichwani. "Basi ni wewe," alisema. "Mimi nilisemanga ni mashemeji. Jumapili nilienda kwao, nikawatukana mbele ya watoto. Sasa itabidi nirudi huko nikiwa na mbuzi."

Nilimwomba radhi. Nilimwomba kwa moyo wote, na bado kicheko kilikuwa kinanipanda kooni, nikainama nikaangalia sakafu. Mama mdogo hakucheka. Alimwambia mzee kwamba kosa ni lake yeye aliyenituma, na kwamba akitaka fahali huyo afutwe, atafutwa. "Lakini nikimfuta, mzee, mimi nimebaki na nini? Hizi karatasi ndizo kazi yangu yote. Nitaenda tu Likuyani."

Mzee alitikisa kichwa. Kumbe hakutaka afutwe. Kilichomleta kwa miguu kilikuwa kingine. Aliigeuza chupa, akaweka kidole kwenye pembe ya kushoto, ile iliyojikunja mbele.

"Hii haiko," alisema. "Ilivunjika. Hii kipande iko kwangu, nimeifungia kwa kitambaa. Lakini watu hawakusikianga ikivunjika, kelele ilikuwa mingi. Sasa kila mtu ananiuliza, mzee, dume yako ilikimbia bure? Nikisema pembe ilivunjika, wananiletea chupa yako. Wanasema, si hii hapa, pembe ni mbili!" Akaigonga chupa kwa kidole. "Ng'ombe yangu haikuogopa. Iliumia. Wewe ndio unasema uongo kwa chupa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, si kwa hilo. Mzee yule alikuwa na uchungu wa kweli, na uchungu wenyewe haukuwa wa kushindwa.

Mama mdogo aliinuka. Alivuta droo ya meza yake, akatoa kile kichupa cha dawa ya kufutia, kitu pekee alichokuwa amekinunua kwa hela zake kule ofisini na kuondoka nacho. Akachukua lebo moja. Akapaka tone kwenye ncha ya pembe ya kushoto, dogo, akapuliza. Nyeupe ikakutana na nyeupe ya karatasi, na pembe ikaishia pale ilipoishia kweli. Akampa mzee.

Mzee aliisogeza machoni, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akarudi. "Sasa hiyo ndiyo ng'ombe yangu," alisema.

Tulibaki na kazi ya kuzipaka lebo zote, moja moja, pale barazani. Nilikaa nimsaidie. Baada ya lebo kama tano alininyang'anya kichupa: matone yangu yalikuwa mazito, na moja lilimng'oa fahali jicho. "Wewe chora," alisema. "Kufuta ni kazi ya wenyewe." Mchana kutwa, siku baada ya siku, alikaa na kiti chake wima kama yuko mbele ya taipureta, anapaka, anapuliza, anaweka kando. Maji hayakuiondoa ile dawa. Ni ukucha tu ulioiweza, na mama mdogo aliwakaripia watoto wa jirani waliokuwa wakikwangua ili waone pembe iliyojificha.

Na hapo ndipo biashara ilipogeuka, kwa namna ambayo sisi wawili na akili zetu zote hatukuifikiria. Upande wa mshindi waliiona chupa mpya wakaidai kwa nguvu: "Lete ile tuliyoivunja pembe!" Upande wa mzee nao waliidai kwa nguvu ileile, maana sasa walikuwa na ushahidi: "Unaona? Pembe ilivunjika kwanza, ndipo ikakimbia!" Walikutana kwenye duka moja, wakanunua chupa zilezile, wakabishana, wakakauka koo, wakanunua nyingine. Watu wa mjini wakaanza kunywa ili wapate kusikiliza ubishi. Mzee alizunguka duka hadi duka na kile kipande cha pembe kwenye kitambaa, akikilinganisha na lebo. Hatukumtuma. Ng'ombe wangu wa buchari, pamoja na tabasamu zao, hawakuwahi kupata sifa za namna hiyo.

Ubishi huo ulifika hadi ofisini. Kule kulikuwa na makarani wa upande huu na makarani wa upande ule, na mama aliyeendesha kantini aliagiza kreti, kisha mbili. Mama mdogo hakunisindikiza. Aliniambia tu nichague chupa zenye lebo zilizonyooka.

Siku ya tatu kantini ilikuwa imejaa, na yule mama akanisukumia sinia yenye chupa na gilasi. "Nipelekee hii kwa mkubwa, mwanangu. Ameomba anywe ile ya pembe moja."

Nilipanda ngazi na sinia mikononi. Mkubwa alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye miwani na rundo la barua, na hilo liliniudhi kidogo kwa sababu nilikuwa nimemwandalia sura nyingine. Alikunywa, akakohoa, akacheka peke yake. Kisha akaigeuza chupa. Kidole chake kikapita juu ya lebo, kikasimama kwenye ncha ya pembe. Akaisogeza chupa dirishani kwenye jua, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo.

"Nani anafuta hapa?" aliuliza.

"Mama mdogo wangu, bwana mkubwa."

Aliangalia lile rundo la barua, nami nikaangalia pia, na hata mimi niliona jinsi zilivyojaa madoa, matone mazito kama yangu. "Tangu aondoke," alisema, lakini hakuendelea. Alikunywa hadi tone la mwisho, akalipa, akaibakiza chupa mezani.

Nilikimbiza baiskeli hadi nyumbani. Mama mdogo alikuwa barazani akipaka pembe, na hakuinua uso nilipokuwa nikisimulia.

"Alimaliza?" aliuliza.

"Alimaliza."

"Na chupa?"

"Amebaki nayo mezani."

"Kesho uende ukaidai," alisema. "Chupa zangu zinarudi."

Nilienda. Mkubwa hakuwepo, na mama wa kantini aliniletea ile chupa ikiwa imesuuzwa vizuri. Njiani niliitazama. Mkubwa alikuwa ameikwangua dawa kwa ukucha, polepole, bila kuchana karatasi hata kidogo, na fahali alikuwa na pembe zake mbili tena, kama nilivyomwona nyuma ya ua. Nilifurahi. Nilidhani mama mdogo naye atafurahi, na nilimkabidhi nikiwa na tabasamu la buchari.

Aliishika kwa muda mrefu. Macho yake yalijaa machozi, na hakuyaficha.

"Anadhani kilichofutwa kinarudi hivi," alisema. "Kwa ukucha."

Akafungua kichupa, akapaka tone dogo kwenye ncha ya pembe, akapuliza mpaka ikakauka. Halafu akaijaza tangawizi, akaifunga, akaiweka kwenye kreti ya Shinyalu pamoja na zingine.